Baridi ya Maseno: Vaa Tabaka, Usivae Gunia

Kuna baadhi yenu, wenzangu, ambao tangu muhula wa pili uanze mnakohoa usiku kucha mpaka bweni zima linakosa usingizi. Makala haya ni yenu hasa. Wengine mnaweza kusoma pia, hamkatazwi.

Mgeni akiambiwa kwamba Maseno iko kwenye mstari wa Ikweta, huja na fulana mbili na kandambili. Nami nilikuja hivyo hivyo. Kwetu ni Kisumu mjini, ambako usiku mtu hulala juu ya shuka badala ya ndani yake. Mama alininunulia sweta moja tu, ile iliyoandikwa kwenye orodha ya shule, na hata hiyo aliinunua huku akinung'unika. "Ikweta na baridi wapi na wapi?" aliuliza. Mimi pia niliuliza swali hilo hilo, lakini niliuliza saa kumi na moja alfajiri, nikiwa nimeshika ndoo ya maji ya kuoga, meno yakigongana.

Jibu lake si gumu. Ikweta haipashi mahali joto peke yake. Kimo kina neno lake pia. Ukitoka Kisumu kwa matatu, barabara ni tambarare hadi Kisian, kisha injini inaanza kulalamika. Unapanda, unapita Lela, na ukifika Maseno umeshapanda karibu mita 370. Ziwa liko kwenye kimo cha karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko kwenye mita 1,500 hivi. Walimu wa jiografia wametufunza kwamba kila mtu apandapo mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi kama 6 na nusu. Piga hesabu: tumeibiwa nyuzi mbili na zaidi kabla hata mawingu hayajakuja. Na mawingu huja! Mvuke wa ziwa ukipanda milima ya upande wetu hugeuka mvua ya radi, mara nyingi alasiri, na baada ya mvua hiyo huteremka upepo mbichi ambao hauna haya. Mwezi wa Julai ndio mbaya zaidi. Asubuhi kuna ukungu, saa sita jua linachoma utosi, saa kumi mvua, usiku baridi. Misimu minne kwa siku moja, na wewe una sweta moja.

Sasa nisimulie aibu yangu. Wiki ya tatu ya Julai, nikiwa ningali mono, niliamua kwamba imetosha. Nilivaa fulana ya pamba, juu yake jezi ya michezo, juu yake shati la shule, kisha sweta ya nyumbani yenye shingo ndefu, na juu ya hayo yote sweta ya shule. Chini nilivaa suruali ya kulalia ndani ya longi. Mikono haikukunjika vizuri. Nilitembea kama mtu aliyebeba mtungi kila kwapa. Nilipofika gwarideni mwenzangu mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka mstari wa mwisho, "Jamani, nani ameleta gunia la makaa?" Jina hilo lilinifuata hadi mwisho wa mwaka. Mwalimu wa zamu naye aliona ile shingo ndefu ya sweta ya nyumbani imechungulia, nikaamriwa nirudi bweni nikaivue, mbio.

Lakini aibu si kitu. La ajabu ni kwamba na zile nguo tano zote, jioni ile nilitetemeka kuliko siku nyingine yoyote. Nilipata kujua sababu baadaye, na sababu hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nguo haina joto. Naomba turudie hapo, maana wengi wetu tunafikiri sweta ni kama jiko. Iweke sweta juu ya jiwe usiku kucha. Asubuhi jiwe ni baridi vile vile. Joto ni la mwili wako mwenyewe, lile linalotokana na ugali na maharagwe uliyokula. Kazi ya nguo ni kulizuia lisitoroke. Na kinacholizuia hasa si uzi, ni hewa. Hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri mno cha joto. Ndege hulijua jambo hili: asubuhi ya baridi mtazame kuku, ametutumua manyoya amekuwa kama mpira. Hajaongeza unyoya hata mmoja, ameongeza hewa.

Basi nguo mbili nyepesi, moja juu ya nyingine, zina hewa ya ndani ya uzi wa kwanza, hewa ya ndani ya uzi wa pili, na hewa ya katikati yake. Ndiyo maana nguo mbili nyembamba zinaweza kuishinda nguo moja nene, na wewe ukabaki na umbo lako. Ila kuna sharti: hewa lazima ipate mahali pa kukaa. Mimi niliposhindilia sweta mbili zilizobana juu ya jezi juu ya fulana, niliikamua hewa yote ikatoka. Nilibaki na unene wa nguo bila faida yake.

Kosa langu la pili lilikuwa jasho. Nilipotumwa bweni mbio, nililowa ndani. Pamba ni nzuri kwa mambo mengi, lakini ikinywa maji hayaachi. Na maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa. Kwa hiyo ile fulana iliyokuwa blanketi langu iligeuka kuwa mfereji wa kunyonya joto, nami nikakaa nayo hivyo hivyo darasani, chakulani, hata prepu. (Kuhusu yale mafua yaliyonishika wiki ile, sitailaumu baridi peke yake. Mafua ni virusi, na jirani yangu wa kitanda alikuwa anapiga chafya tangu Jumapili.)

Aliyenifundisha kuvaa ni shangazi yangu, auzaye mitumba katika soko la Luanda, hapo tu jirani. Nilimwendea siku ya mapumziko ya katikati ya muhula, nikamweleza yaliyonipata. Alicheka mpaka akaketi juu ya robota. Kisha akasema, "Wee baba, nguo hazivaliwi kwa kuhesabu, zinavaliwa kwa kupanga. Kila moja iwe na kazi yake." Akaanza kunipanga mimi mwenyewe, pale pale mbele ya wateja.

Ya kwanza ni ile inayogusa ngozi. Kazi yake ni kuondoa jasho, si kuleta joto, kwa hiyo iwe nyembamba na ikae karibu na mwili. Vesti au fulana nyepesi inatosha, na uichomeke vizuri ndani ya longi ili upepo usipande mgongoni. Kama ni ya pamba, uwe na nyingine kavu ya kubadilisha baada ya michezo. Hii kubadilisha ndiyo siri kubwa kuliko zote na haigharimu kitu. Mwenzangu, ukitoka uwanjani usivae sweta juu ya jezi iliyolowa. Vua, jikaushe, vaa kavu. Utaona tofauti kabla ya kengele ya chakula.

Ya pili ni ya kushika hewa, nayo ni sweta. Hapa ndipo shangazi alinipa dawa iliyoniokoa: sweta isiyo na mikono, ile ya shingo ya V wanayopenda wazee wa kanisa, ivaliwe juu ya shati na chini ya sweta ya shule. Nilikataa mwanzoni. Nilimwambia itanifanya nifanane na babu. "Nani ataiona?" aliuliza. Na kweli haionekani. Ukimtazama mtu aliyevaa nguo nyingi, unene mbaya hauko kifuani, uko kwapani na mikononi. Hapo ndipo mikono mitatu minne ya nguo inapokutana na kujikunja. Ondoa mikono hiyo, na nusu ya gunia imeondoka. Kifua na mgongo vikipata joto, mwili hauna sababu ya kubania vidole damu, kwa hiyo hata mikono hupata nafuu. Na shingo ya V huacha kola na tai zionekane, mwalimu wa zamu hana neno.

Ya tatu ni ya kuzuia upepo na mvua. Sweta ina matundu. Ukiinua sweta ya shule kwenye mwanga unaona jirani yako upande wa pili. Upepo hupita hapo na kuifukuza ile hewa uliyoihifadhi kwa taabu. Jaketi jembamba la nailoni, lisilo na pamba wala manyoya ndani, likivaliwa juu ya sweta hufanya kazi kuliko sweta ya pili, na linakunjika likaingia mfukoni. Watazameni waendesha boda boda wa hapa kwetu asubuhi. Baadhi yao huvaa jaketi kinyume, zipu ikawa mgongoni, ili upepo usipate mlango kifuani. Tunawacheka, lakini wenzetu wanajua sayansi. Waendesha baiskeli wa mashindano ya Ufaransa nao walizoea kuingiza gazeti ndani ya jezi kabla ya kuteremka mlima, kwa sababu hiyo hiyo. Nimejaribu gazeti. Linafanya kazi, ila linapiga kelele kanisani.

Mpango huu wa tabaka si wa juzi. Mwaka 1924 Mwingereza George Mallory alipotea akipanda mlima Everest, na mwili wake ukapatikana mwaka 1999 ukiwa bado na mavazi yake. Watu walidhani atakuwa na makoti mazito. Kumbe alivaa nguo nyembamba za hariri, pamba na sufu, moja juu ya nyingine, na vazi la juu la kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana ili kuzuia upepo. Mwaka 2006 nguo za mfano huo zilishonwa upya, zikajaribiwa huko huko mlimani, na zikasifiwa kwa wepesi wake. Wala Mkenya hatukosi. Philip Boit alikuwa mkimbiaji kabla ya kwenda Finland mwaka 1996 kujifunza kuteleza kwenye theluji, na Februari 1998 akashindana Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10. Alikuwa wa mwisho, lakini bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mwishoni ili amkumbatie. Tazameni mashindano ya namna ile: theluji kila mahali, na washindani wamevaa vazi jembamba lililobana! Mwili unaofanya kazi hujitengenezea joto lake. Kwa hiyo ukienda kufyeka nyasi au kukimbia, punguza nguo kabla ya kuanza, si baada ya kulowa. Ukiketi prepu, ongeza kabla ya kuanza kutetemeka.

Turudi kwenye urembo, maana najua kuna wasomaji waliokuwa wakiusubiri tu huu. Sare yetu imeshatuchagulia rangi, basi hapo hakuna mjadala, lakini wikendi na safarini mtu ana uhuru. Rangi za jamii moja, hasa za giza, humfanya mtu aonekane mwembamba kwa sababu jicho halipati mpaka wa kusimama. Ukivaa shati jeupe, sweta nyekundu na jaketi la manjano, kila rangi inatangaza, "Na mimi nipo!" na tunakuhesabu nguo zote. Sweta iishie nyongani. Ikishuka mpaka mapajani umekuwa kengele. Jaketi liwe refu kuliko sweta, la sivyo sweta hutokeza chini kama ulimi wa mbwa. Kola moja inatosha. Nguo nene iwe moja tu, na nyingine zote ziwe nyepesi. Na kila nguo ya nje iwe kubwa kidogo kuliko ya ndani yake, kidogo tu, siyo ile ya kaka yako aliyeko chuo kikuu.

Dada zetu wavaao sketi wana taabu yao, nami nimewauliza badala ya kubuni. Wengi wanasema taiti nyeusi chini ya sketi, au baika fupi mahali ambapo taiti hairuhusiwi, pamoja na soksi ndefu. Mmoja alinikumbusha leso. Mama zetu wa sokoni Luanda asubuhi hufunga leso moja kiunoni na kujitupia nyingine mabegani juu ya sweta. Saa tano jua likiwaka, ile ya mabegani inakuwa ya kubebea sukuma wiki. Leso huuzwa mbili mbili toka zamani, na sijaona vazi la tabaka lililo rahisi kama hilo.

Miguu nayo ina ujinga wake, wetu sisi. Kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana kunazidisha baridi, kwa kuwa kunabana damu na kufukuza hewa. Soksi moja kavu ni bora. Kichwani vaa boshori wakati wa kulala ukitaka, lakini usiamini yale maneno kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani. Kichwa ni karibu sehemu moja ya kumi ya ngozi yote, na hupoteza joto kwa kadiri hiyo. Kinaonekana kupoteza zaidi kwa sababu ndicho tunachokiacha wazi.

Haya, fedha. Najua kuna mtu anasema moyoni, "Huyu anazungumza habari za tabaka, mimi nina sweta moja na imetoboka kiwiko." Nakusikia. Marobota ya mitumba hutoka nchi zenye majira ya baridi, ndiyo maana sweta zimejaa humo. Shangazi husema kule chini Kibuye, Kisumu, sweta nzito haina wateja wengi kwa joto lile, basi ndiko pa kuitafuta. Zile za kwanza kutoka robotani, wanazoziita kamera, ni ghali. Subiri fagia, mwisho wa siku. Fagia ina vituko vyake, lakini sweta isiyo na mikono hakuna anayeigombea. Kabla ya kulipa, igeuze usome lebo: sufu hushika joto hata ikiwa na unyevu, wakati akriliki, ambayo ndiyo sweta nyingi za shule, ni nyepesi na hukauka upesi lakini upepo huipita. Inyooshe kwenye mwanga uone kama imelika kwapani. Ukiifua, usitumie maji moto ikiwa ni ya sufu, utatoa sweta ya mtoto. Usiitundike kwenye kamba ikiwa inachuruzika. Itandaze, la sivyo itarefuka mpaka magotini. Na sweta iliyotoboka haitupwi. Kuna mama wengi huku wanaofumua uzi na kufuma upya, kwa malipo kidogo.

Kwa walimu wetu wapendwa nina ombi moja, nalo naliandika kwa heshima. Shuleni sare ni sare, na sisemi mtu aje na jaketi la kung'aa gwarideni. Lakini sheria ya sare ingetazama kinachoonekana, isitafute kilicho ndani. Sweta isiyo na mikono iliyofichwa chini ya sweta ya shule haiharibu mstari wowote, na mwanafunzi asiyetetemeka huandika insha kwa mwandiko unaosomeka. Pia ingefaa orodha ya vifaa vya wanafunzi wapya itaje baridi hii. Wazazi wa kando ya ziwa hawaijui. Mama yangu angeijua, asingenipakia shuka mbili na sweta moja.

Muhula huu yuko mgeni mmoja katika bweni letu, ametoka pande za Mbita, na orodha yake ilikuwa kama yangu. Nilimpa ile sweta ya shangazi kwa sababu mimi kifua kimepanuka, haifungiki tena vizuri. Siku ya pili alinijia analalamika kwamba ni sufu na inamwasha shingoni na kifuani. Nilipomtazama, kumbe ameivaa juu ya ngozi. Nikamrudisha bweni akavae vesti na shati kwanza.